Gemu za kompyuta za kucheza na mtoto wa miaka miwili na nusu

MamaMwanga, Kigoma:
Habari zenu wapendwa. Natafuta gemu za kujifunzia za kucheza pamoja na mwanangu wa miaka miwili na nusu. Laptop ni ya zamani, Windows 10, RAM GB 2, na bando sitaki liishie humo. Kila akiigusa, gemu inatoweka na vidirisha vinafumuka. Niweke gemu gani, na hilo nalizuiaje?

FundiUjiji:
Dada, tuanze na vidirisha, maana visipokoma hakuna gemu itakayochezeka. Shift ikibonyezwa mara tano mfululizo, Windows inaleta kidirisha cha Sticky Keys. Ingia Settings, Ease of Access, Keyboard, uzime njia ya mkato ya Sticky Keys. Shift ya kulia ikishikiliwa sekunde nane inaleta Filter Keys. Nayo zima hapohapo. Kinachotoa gemu kwenye skrini mara nyingi ni kitufe cha Windows. Funika kibodi yote pamoja na padi ya kugusa kwa kipande cha boksi gumu, matundu ya feni yabaki wazi, kisha chomeka kipanya kidogo cha waya. Kishale kikuze na mwendo wake upunguze.

Gemu: GCompris (mkusanyiko wa michezo ya kujifunzia) na Tux Paint (ya kuchora). Zote ni za bure, hazina matangazo, na zikishawekwa hazidai intaneti. Ila GCompris hupakua sauti baadaye, kwa hiyo ifungue mara ya kwanza ukiwa na mtandao. Kwenye mipangilio yake bakiza nyota moja tu, yaani michezo rahisi kabisa. Bila hivyo atakutana na hesabu za watoto wa shule.

MwalimuAwali, Tabora:
Naongezea kwa Tux Paint. Kwa kawaida inasikiliza kitufe cha kushoto cha kipanya peke yake, na mtoto wa umri huo hubonyeza popote, akidhani imeharibika. Fungua Tux Paint Config, programu ya mipangilio yake, sehemu ya kipanya, ruhusu vitufe vyote vifanye kazi sawa. Zima pia kitufe cha kutokea. Wewe utatoka kwa Alt na F4.

Kwenye GCompris anza na ule mchezo wa kufuta: picha imefunikwa vigae, kila kishale kinapopita kigae kinaondoka. Hakuna kubonyeza wala kukosea. Mkono wake uwe juu ya kipanya, wako usiwe juu ya mkono wake. Kitokee kichwa cha mnyama, muulize, "Nani huyo anachungulia?" Msubiri ajibu kabla hajafuta kingine. Akiweza kutelezesha bila kuangalia mkono, nenda kwenye toleo la kubonyeza mara moja. La kubonyeza mara mbili liache kwanza, vidole bado.

Shirika la Afya Duniani, mwongozo wa 2019, linasema kwa mtoto wa miaka miwili skrini isizidi saa moja kwa siku, na pungufu ni bora zaidi. Dakika kumi au kumi na tano kwa mkao mmoja zinatosha.

MamaMwanga:
Asanteni sana. Na sauti ikiwa ya Kiingereza?

MwalimuAwali:
Izime, mama. Taja wewe, kwa Kiswahili au Kiha mnachoongea nyumbani. Kwenye Tux Paint apake bluu skrini nzima iwe ziwa, wewe uchore mtumbwi, kisha mwulize samaki mgebuka akae wapi.

FundiUjiji:
Na betri ikiwa imechoka, umeme ukikatika laptop inazima palepale. Mchoro mliofikia uhifadhini kabla hamjaanza mwingine.