Kurudi Usambara pamoja na watoto: tugawanyeje siku kati ya ndugu na milima?

Binti wa Mlalo (South B)

Wenzangu, nawasalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mlalo, Usambara Magharibi, niliyeolewa hapa Nairobi, na watoto wangu wote wamezaliwa na wanasoma papa hapa. Tangu niolewe nimekuwa nikienda kwetu kwa misiba tu: napanda basi la alfajiri, nafika, nalia na wenzangu, namuaga mama na kurejea kazini kabla hata sijatazama kama ile mipeasi iliyo nyuma ya jiko bado inazaa. Desemba hii, Mungu akipenda, tunakwenda familia nzima kwa gari letu, na safari hii hakuna kilio kinachotuita.

Linalonitatiza ni mgawanyo wa siku. Mama ni mzee na angependa tusitoke uani. Nina shangazi Soni, dada mkubwa karibu na mji wa Lushoto na mjomba Mtae, na kila mmoja anatarajia tule kwake. Watoto nao, ambao msitu waliouzoea ni Karura, nimekwisha kuwaahidi mbega, maporomoko ya maji, kinyonga mwenye pembe na kilele cha Irente, na kuna aliyenishauri nisiache kuwafikisha kwenye msitu wa Amani. Naomba mnieleze njia ipi inafaa, nyaraka gani zinahitajika, na namna ya kuwaona ndugu na milima bila kumuudhi mtu.

Msafirishaji wa Mlolongo

Dada, nitajibu la njia na nyaraka, hayo ya ndugu nawaachia wazee. Njia za maana ni mbili. Ya kwanza ni Namanga: kutoka Nairobi hadi mpakani ni takriban kilomita 160, ukiongeza mia na kidogo unafika Arusha, kisha Moshi, Himo, Mwanga, Same, na Mombo unapokata kushoto kupanda mlima. Ya pili ni kushika Barabara ya Mombasa hadi Voi, kupitia Mwatate na kukata katikati ya Tsavo Magharibi hadi Taveta, kisha kuvuka Holili na kutokea Himo. Hii ya pili ina urefu wake, lakini inakuepusha na Arusha nzima na foleni zake, na mara nyingi tembo huonekana wakiwa karibu na reli. Mipaka yote miwili ina kituo cha pamoja, kwa hiyo maofisa wa nchi zote mbili watakuhudumia katika jengo moja, upande wa nchi unayoingia.

Gari la Kenya huingia Tanzania kwa kibali cha muda kinachotolewa na forodha pale mpakani, na bima yake ni kadi ya njano ya COMESA, ile jumuiya ya soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, ambayo ni vyema uichukue kwa kampuni yako ya bima kabla ya kuondoka. Tanzania si mwanachama wa COMESA, lakini kadi hiyo inatambuliwa. Ikiwa hati ya gari ina jina la mtu mwingine au la benki, chukua barua ya ruhusa. Kitambulisho cha Kenya peke yake hakitoshi kuingilia Tanzania, kwa hiyo mume na watoto wawe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na kila aliyetimiza mwaka mmoja awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huhesabiwa kuwa imeanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa, basi usiiache hadi wiki ya safari. Mkishaipata haitarudiwa, kwa kuwa tangu mwaka 2016 cheti hicho ni cha maisha. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani, maana Tanzania iliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019 na wasafiri hawakusamehewa.

Kati ya Same na Mombo barabara imenyooka na inashawishi mguu, lakini vijiji ni vingi, na kila penye kibao cha kilomita 50 kwa saa mchukulie trafiki kuwa yuko nyuma ya mti. Lala Moshi. Ukiamka mapema utawaonyesha watoto Kilimanjaro kabla haijajifunika, kwa sababu saa nne tu ikifika mawingu huwa yameshaifunga.

Mzee wa Soni (Pangani)

Mwanangu, nimesoma swali lako zaidi ya mara moja, na nadhani umezigawanya siku mahali ambapo hazigawanyiki. Tazama ndugu zako wanaishi wapi. Shangazi yako yuko Soni, na maporomoko ya Soni yako pale pale kando ya barabara ya kutoka Mombo. Dada yako yuko Lushoto, na kutoka mjini hadi Irente ni matembezi ya asubuhi moja kwa miguu ya mtoto. Barabara ya kwenda kwenu Mlalo inapita Magamba, ulipo msitu wenye mbega weusi kwa weupe. Mjomba wako wa Mtae ndiye mwenye bahati kuliko wote, kwa kuwa kijiji kile kimekaa ukingoni kabisa mwa mlima, na ukisimama pale unaiona nyika ya Mkomazi chini yako na milima ya Upare upande wa pili. Sasa utamwambiaje mtu kwamba leo unakwenda kutazama mandhari na kesho utamtembelea mjomba?

Jambo unalopaswa kulitanguliza ni kuhani. Umekuwa ukifika kwenye misiba mikubwa, lakini kwa muda huo wote wapo waliokufa ambao hukusikia habari zao, au ulisikia ukatuma pesa kwa simu. Siku ya kwanza baada ya kupumzika, vaa khanga yako, mchukue mama au mtu mzima mmoja, mpite nyumba kwa nyumba, mkae kidogo, mtoe pole, dua isomwe, mwende nyumba inayofuata. Nyumba hizo hazitakuhitaji ule, zitakuhitaji ukae. Ukimaliza hilo, hakuna atakayekusema kwamba umekuja kutalii. Ukiliacha hadi mwisho, kila picha utakayopiga msituni itakuwa na maneno nyuma yake.

Kuhusu chakula, usikubali kula kwa kila mtu, maana utaugua wewe na watafilisika wao. Tuma pesa mapema kwa mama, M-Pesa ya Kenya inafika kwenye M-Pesa ya Tanzania, achinjwe mbuzi mmoja na ukoo ukutane kwake siku moja. Zawadi ziwe khanga, vikoi na sukari. Majani ya chai usibebe, utachekwa. Mashamba ya chai yapo Bumbuli.

Shemeji wa Wapare (Rongai)

Kwa heshima zote, mzee, mimi naona tofauti. Nimeoa Same na najua yanayotokea. Ukishapanda kwa ndugu, miguu yako si yako tena. Utaketi sebuleni na chupa ya soda mkononi tangu asubuhi, wageni wanaingia, wageni wanatoka, na watoto wanauliza mbega wako wapi mpaka jua linazama. Ushauri wangu ni dada amalize sehemu ya watoto kabla hajapanda mlima. Alale Same, na asubuhi aingie Mkomazi kwa lango la Zange, ambalo liko karibu sana na mji. Mkomazi ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2008, inapakana na Tsavo Magharibi yetu, na ina eneo maalumu linalotunza faru weusi. Wageni ni wachache, hutaona magari kumi yakimzingira simba mmoja. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni wa mbali, lakini kila mmoja ni lazima aonyeshe uraia wake, kwa hiyo hati za kusafiria zisikae chini ya mizigo. Msitegemee kulipa kwa noti pale langoni. Tayarisheni kadi au malipo ya simu.

Mzee wa Soni (Pangani)

Shemeji, Mkomazi sina ugomvi nayo. Ila usimfundishe kujificha. Akilala Same, ampigie mama simu amwambie yuko Same na atapanda siku gani. Kule kwetu habari hupanda mlima kabla ya gari, na mama akiambiwa na dereva wa hiace kwamba bintiye ameonekana akinunua vitunguu stendi ya Same, hapo kuna kazi.

Binti wa Mlalo (South B)

Nawashukuru sana. Suala la kuhani limenigusa, na mama aliposikia alianza kunitajia majina pale pale kwenye simu, mengine sikujua kabisa kama wametangulia. Tutapita Taveta, tulale Same, tuingie Mkomazi, na mama atakuwa na habari. Mjomba naye amesema mwanawe ndiye atakayewaongoza watoto usiku kutafuta vinyonga kwa tochi, kwa kuwa anajua vichaka wanamolala. Iliyobaki ni Amani. Je, naweza kwenda na kurudi siku moja kutoka Lushoto?

Mwalimu wa Mimea (Kasarani)

Usijaribu. Kwenye ramani Amani inaonekana kama jirani, lakini iko Usambara Mashariki, na kati yenu kuna bonde la Lwengera. Ni lazima ushuke hadi Mombo, uende Korogwe, kisha Muheza, ndipo upande tena mlima mwingine, na kwa watoto siku yote itaishia garini. Nami singependa uikose: Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea pale mwaka 1902, miti waliyoileta kutoka pembe zote za dunia bado imesimama, na msitu wenyewe ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997. Lile ua dogo la zambarau linalouzwa katika vyungu madirishani kote Ulaya asili yake ni milima hiyo, na watoto wanaweza kuliona likiota lenyewe kwenye miamba yenye unyevu.

Kwa hiyo ifanye Amani kuwa njia ya kurudia. Mkishaagana na mama, shukeni, mlale Amani, mwende Tanga, mvuke Horohoro na kuingia Lunga Lunga, kisha Mombasa na Nairobi. Mkiwa Holili, waelezeni maofisa wa forodha kwamba gari litatokea mpaka mwingine, kibali kiandikwe hivyo. Vuli ikichelewa kukatika, ulizeni kwanza Muheza hali ya barabara ya kupanda Amani, kwa maana huteleza vibaya, na hiyo ya Mombo hadi Lushoto nayo huangukiwa na mawe na udongo mvua ikizidi, pandeni mchana.