Naombeni ushauri: tunataka kulala usiku mmoja kwenye kisiwa kisicho na watu

Mtembezi_K:
Wakuu habari zenu. Mimi na wenzangu watatu tumepania kwenda kwenye kisiwa kidogo ambacho haishi mtu, hakuna gati, hakuna mtandao, ni mchanga mweupe na miti, na matumbawe yamezunguka kote. Mwenye boti atatushusha asubuhi halafu atatufuata kesho yake saa ile ile. Hema tunazo, hamu ndio usiseme, ila tukikaa kupanga wenzangu wanaongelea picha tu, mimi nawaza maji ya kunywa na usalama maana mmoja wetu kuogelea kwenyewe ni kwa kubahatisha. Mliowahi kwenda sehemu za hivyo, tubebe nini na tuogope nini? Na huko kisima au kijito huwa kinapatikana au tusitegemee?

nahodha_mstaafu:
Mkuu hapo uliposema "saa ile ile" ndipo pa kupaangalia kwanza. Maji yakijaa mpaka yajae tena ni kama masaa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku yanasogea mbele karibu dakika 50. Boti ikiwapitisha leo juu ya matumbawe maji yakiwa yametosha kwa shida, kesho saa ile ile yatakuwa bado hayajatosha, na akichelewa sana akakuta yanakupwa mtabaki mnatazamana kwa mbali yeye nje ya mwamba nyie ufukweni na mizigo kichwani. Msikubaliane saa, kubalianeni maji. Chukueni jedwali la kupwa na kujaa, kaeni naye chini, aseme mwenyewe anaingia maji yakiwa wapi na mwisho wa kutoka ni lini.

Kitu kingine angalieni mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana na mkondo unavuta kwa nguvu. Mngekuwa wanangu ningewapeleka maji mafu, zile siku za katikati ambazo maji hayajai wala kukupwa sana, hasa kwa huyo mwenzenu. Na kwenye mlango wa mwamba, pale maji yanapotokea kwenda bahari kuu, asiogelee mtu yeyote maji yakiwa yanatoka hata awe fundi kiasi gani. Ukivutwa usishindane nao, ogelea kwa ubavu sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo ndio urudi.

Bint Pwani:
Naongezea hapo kwa nahodha kuhusu hema. Mkifika mtaona mstari wa mwani mbichi na vijiti, mtu anadhani maji yanaishia hapo anajenga hatua mbili juu yake. Huo ni mstari wa jana tu! Pandeni juu zaidi mtafute ule wa zamani, mwani umekauka umekuwa mweusi unavunjika mkononi, mara nyingi umejibana kwenye mizizi ya majani ya kwanza. Juu ya huo ndio mlale. Ila msilale chini ya mnazi hata kivuli kiwe kitamu vipi, nazi haipigi hodi.

Maji ya kunywa msitegemee kabisa. Visiwa vidogo vya mchanga na matumbawe havina mito, mvua ikinyesha inazama chini na kuelea juu ya maji ya chumvi, ukichimba hovyo unapata maji ya magadi au machafu. Bebeni yote. Mimi nahesabu lita 4 kwa kila mtu kwa siku na naongeza ya siku moja zaidi kwa sababu boti inaweza isije, bahari ikichafuka hakuna wa kulaumiwa. Gaweni kwenye madumu kadhaa, likipasuka moja msibaki mikono mitupu. Na maji ya bahari asinywe mtu hata kidogo, lita moja ina kama gramu 35 za chumvi, figo zitatumia maji mengi kuliko uliyokunywa kuitoa.

nesi_wa_zamu:
Viatu vya soli ngumu ndani ya maji, hilo halina mjadala. Tembeeni kwa kuburuza miguu kwenye mchanga ili samaki taa aliyejifukia asikie aondoke. Kuna yule samaki anayefanana na jiwe kabisa, miiba yake ya mgongoni ina sumu kali. Mtu akichomwa na taa au huyo, tumbukizeni mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, dakika 30 hadi 90, na joto alipime mtu ambaye HAJACHOMWA maana mwenye maumivu atajiunguza bila kujua. Halafu hospitali. Makonokono mazuri yenye umbo la pia msiyaokote, baadhi yanachoma na yanaua.

Kasa_Kwanza:
Ulizeni kwanza kama kinaruhusiwa kulala, visiwa vingi visivyo na watu ni hifadhi. Na mkiona alama kama tairi la trekta zimetoka majini kupanda juu, huenda kasa ametaga hapo, kaeni mbali na msiwashe matochi makali usiku kwa sababu watoto wao hufuata mwanga wakapotea njia ya baharini. Kung'uteni mabegi na viatu kabla ya kupanda boti, panya mmoja au mbegu ngeni inatosha kuharibu kisiwa ambacho ndege wanataga chini.

Takataka zenu rudini nazo. Kisiwa cha Henderson kule Pasifiki hakuna anayeishi, kiko kwenye urithi wa dunia tangu 1988, lakini watafiti walipokwenda 2015 walikadiria vipande vya plastiki zaidi ya milioni 37 ufukweni. Vimeletwa na mikondo tu. Inauma sana.

Mtembezi_K:
Asanteni sana wakuu, safari tumeisogeza mpaka maji mafu. Moto wa kuni vipi, na mawasiliano?

Bint Pwani:
Bebeni jiko dogo la gesi, kuni za pale ziacheni, na chini ya mchanga mkavu kunaweza kuwa na mayai.

nahodha_mstaafu:
Redio ya VHF ya mkononi, ile ya mawasiliano ya baharini, chaneli 16 ndiyo ya dharura, pamoja na kioo cha kumulikia. Mwachieni mtu wa nchi kavu jina la boti na muda ambao akiwa hajawasikia aite msaada. Huyo asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokolea kuanzia anapanda mpaka akanyage mchanga mkavu, watu wengi wanaangukia pale pa kushuka.