Ushauri wenu wakuu: familia ya marehemu mheshimiwa inataka boksi moja lirudishwe

Kabrasha_Iringa
Kamwene wakuu. Nipo Iringa, nafanya kazi maktaba ya chuo kikuu kimoja, jina naliacha. Familia ya mzee mmoja, sasa marehemu, aliyewahi kuwa mbunge na kushika vyeo serikalini, ilitukabidhi makaratasi yake yote: maboksi, mifuko ya salfeti, hadi sanduku la bati. Kazi ya kuyachambua nimepewa mimi.

Ni kazi ninayoipenda kwa dhati. Napangusa vumbi kwa brashi, natoa pini zilizoota kutu, naacha mpangilio aliouacha mwenyewe, kisha naandika orodha ili mtafiti akija ajue aombe boksi lipi. Kuna faksi za miaka ya tisini zinafifia, zisipotolewa nakala mapema zitabaki karatasi tupu. Kuna barua za wapiga kura: mama anaomba ada ya mtoto, mwalimu anaomba uhamisho, mtu anaeleza ugonjwa ambao hata mkewe hajaambiwa. Hizo nazitenga, hazifai kusomwa na kila mtu.

Sasa mtoto wa marehemu amekuja, anasema boksi moja lililetwa kimakosa na analitaka kabla orodha haijatoka. Mkuu wangu wa kazi yuko tayari kumpa. Mimi sitaki. Niliorodheshe haraka lionekane, au nipande ngazi za juu? Usingizi sipati.

Mzee wa Kihesa
Kijana, mali ya marehemu ni ya wanawe. Mkuu wako kaamua, wewe unakosa usingizi kwa lipi? Linda ugali wako.

Sina_Makuu
Yaani unalipwa kusoma barua za waheshimiwa? Nafasi zikitangazwa nishtue, hata ya kufagia.

Masijala77
Mtoa mada, anza na hati ya makabidhiano. Ipo? Alisaini nani? Kama familia ilisaini kwamba umiliki umehamia chuo, boksi halitoki kwa maneno ya mdomo. Kama haipo, mkuu wako ana tatizo kubwa kuliko lako.

Pili, mtu aliyeshika ofisi huondoka na vya kwake na vya ofisi vikiwa vimechanganyika. Barua alizoandikiana na shemeji yake ni zake. Jalada la serikali ni kumbukumbu ya umma, na kuna Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002. Wa kuulizwa hapo ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Haya mambo yananiuma. Nilianzia masijala ya ofisi moja huku Nyanda za Juu, asubuhi moja nikaletewa vitumbua vimefungwa kwenye ukurasa wa jalada la mashamba. Nikamfuata muuzaji, akanionyesha rundo zima, kauziwa kwa kilo. Vitumbua sikuvila. Rundo nililinunua kwa pesa yangu.

Mama Tosamaganga
Mwanangu, umesema maboksi ni mengi. Mbona linalokunyima usingizi ni hilo moja? Lina nini?

Kabrasha_Iringa
Mambo ya ardhi tu mama, ya zamani. Mimi nasimamia taaluma, ukichomoa boksi moja umeharibu mkusanyo mzima.

Mama Tosamaganga
Ardhi ya nani?

Kabrasha_Iringa
Sawa mama. Ni Isimani.

Ndani kuna orodha ya watu waliohamishwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, vijiji vya ujamaa vilipoanzishwa kule, na ukubwa wa shamba la kila mmoja. Nyuma yake kuna barua za baadaye ambamo mzee mwenyewe anaomba sehemu ya mashamba hayo iandikwe kwa jina la mwanawe. Huyohuyo anayedai boksi. Jina la babu yangu limo kwenye orodha. Baba alikufa akilitaja shamba lile na hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha.

Kabla hamjaanza kunihukumu: sijachomoa kitu. Karatasi zote zipo mahali pake. Nimepiga picha kwa simu, nikatoa nakala, ziko kwa baba mkubwa. Ukoo umeshakaa kikao na wakili amepewa malipo ya kuanzia. Hiyo siyo siri ya mtu, ni haki ya marehemu babu. Mlitaka niandike kwenye orodha "mambo ya ardhi, boksi la 12" halafu ninyamaze?

Lugalo_Mpaka_Kalenga
Isimani! Mmenikumbusha hadithi za mzee wangu. Krismasi ya 1971 ndiyo siku Dk. Wilbert Klerruu, mkuu wa mkoa, alipigwa risasi kule na mkulima Saidi Mwamwindi, ugomvi ni hayahaya ya mashamba na ujamaa. Mzee alikuwa na trekta la kuchangia na kaka yake, mahindi yalikuwa yanatoka kule si mchezo. Baada ya hapo nyumbani kwetu hakuna aliyeruhusiwa kuzungumzia siasa mezani. Mzee kafariki na msimamo huo. Sina ushauri, nimeguswa tu.

Mzee wa Kihesa
Kumbe! Unaaminiwa ufunguo, unapiga picha unapelekea ukoo. Vijana wa siku hizi amana hamuijui. Kesho utatoa na za huyo mgonjwa.

Kabrasha_Iringa
Za mgonjwa sijazigusa wala sitazigusa, mzee wangu. Usifananishe. Yule hakumnyang'anya mtu kitu.

Wakili wa Gangilonga
Nitasema yasiyopendeza. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, kilithibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa kwa watu waliokaa au kuhamishiwa vijijini kati ya 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977. Dhidi ya mwanakijiji aliyegawiwa shamba la babu yako wakati ule, kesi yenu ni ngumu mno. Hizo barua za baadaye ni suala jingine, ila hapo kuna ukomo: kudai ardhi ni miaka 12. Muulizeni wakili wenu amejipangaje kwa hayo mawili kabla hamjaongeza pesa.

Na picha za simu usizitegemee. Nguvu iko kwenye nakala iliyothibitishwa na ofisi inayotunza waraka halisi. Tena angalia kama kuna mhuri wa SIRI, maana ipo Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970.

Tangawizi_Kali
Mnapoteza muda. Chuo hakina jina, mzee hana jina, halafu kwa bahati anayechambua ni mjukuu wa aliyenyang'anywa! Hii ni chai, na sukari kazidisha. Anatafuta mawazo ya kuandikia riwaya, nyie mnampa vifungu vya sheria bure.

Sina_Makuu
Nami nilianza kuhisi. Mwenye andazi?

Lugalo_Mpaka_Kalenga
Bahati gani? Vijiji vizima viliandikwa. Ofisi yoyote hapa Iringa utakuta mtu ambaye babu yake alitoka kule.

Masijala77
Tuache kubishana, nina swali moja kwa mtoa mada. Hiyo orodha imeshikwaje, na kona ya juu kulia kuna nini?

Kabrasha_Iringa
Imefungwa kwa uzi wa kijani wenye vichuma kwenye ncha, ndani ya jalada gumu. Kona ya juu kulia kuna namba kwa wino mwekundu. Orodha ni ya 30. Kisha inaruka, inayofuata ni ya 38. Hakuna mhuri wa SIRI niliouona. Tangawizi, sikulazimishi uamini.

Masijala77
Hizo ni namba za folio, yaani namba ya kila karatasi ndani ya jalada. Mtu hapigi folio barua zake za nyumbani. Hilo ni jalada lililotoka masijala ya serikali, na kuna folio saba mtu alishazitoa. Kwangu chai imeishia hapo.

Sasa nisikilize, mdogo wangu. Hoja yako ya kulizuia boksi ni nzuri kuliko unavyodhani, lakini umeichafua. Ukisimama mbele ya mkuu wako useme lisitoke, mwenzio atasema unatetea shamba. Na likitoka, nani atakuthibitishia hizo nakala? Jitoe kwenye boksi hilo kwa maandishi, eleza kuwa ukoo wako unahusika, taja folio zinazokosekana, omba Idara iulizwe kabla kitu hakijatoka.

Kabrasha_Iringa
Kujitoa nakubali. Barua naiandika usiku huu. Nakala za baba mkubwa sizirudishi, hilo mtanisamehe.

Wakili wa Gangilonga
Basi zisiende baraza la ardhi hadi jibu la Idara lije.

Mama Tosamaganga
Na barua yako ipigwe mhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala. Ipeleke asubuhi kabla kijana wa watu hajafika na gari.