Tupeane uzoefu: siku ya kazi na kombaini ya kukodi msimu wa mpunga

Mleta mada (mpimaji wa ekari)

Ndugu zangu, nawasalimu. Nimefanya kazi misimu minne katika kundi la watu sita tunaovuna mpunga wa wakulima kwa malipo ya ekari, tukianzia bonde la Kilombero na kumalizia Usangu, wilayani Mbarali. Naomba wenzangu mliowahi kuendesha kombaini, yaani mashine ya kuvuna na kupura, kuifuata nyuma au kuisubiri shambani mweleze siku yenu inavyokwenda.

Wengi hudhani tunaanza kuvuna alfajiri. Tunaamka alfajiri kweli, lakini ni kwa ajili ya mashine: kupaka grisi, kutoa vumbi kwenye rejeta, kukagua visu kimoja kimoja na kukwanyua mabua yaliyojisokota tangu jana. Umande ukiwa haujakauka, mpunga hukwama ndani na punje nyingi humwagika pamoja na majani, na hasara hiyo ni ya mkulima. Dereva wetu hukata shuke, hulisugua kiganjani na kulipuliza. Asiporidhika, mashine haiwashwi, hata mwenye shamba akilalamika namna gani. Mara nyingi tunaingia shambani saa nne, na kuanzia hapo tunakula kwa zamu hadi umande wa usiku uturudishe kambini.

Jambo lililonisumbua zaidi ni kipimo. Kwa mazoea, ekari ni hatua 70 kwa 70, lakini hatua ni za nani? Ekari kamili ni takribani mita za mraba 4,047. Mtu mrefu mwenye hatua ya mita moja hupata mita za mraba 4,900, na wa hatua fupi ya sentimita 80 hupata 3,136 tu. Msimu wangu wa kwanza nilipima kwa miguu yangu, nami ni mfupi. Mama mmoja wa Igurusi alilipia ekari ambazo hakuwa nazo, na nilipokuja kuelewa tulikuwa tumeshahama. Mwaka uliofuata nilinunua kamba ya kupimia, nikamtafuta, tukapima upya na tukamvunia bila malipo sehemu iliyozidishwa.

Mbeba magunia, Ubaruku

Mkuu, umetutendea haki kwa kuanza na umande. Mimi hukaa kwenye mdomo wa kutolea mpunga, nikishikilia gunia na mwenzangu akishona. Vumbi la makapi huwasha shingoni na mikononi hadi usingizini, kwa hiyo navaa mikono mirefu hata jua liwe kali kiasi gani. Kinachochosha kuliko uzito ni tope: mashine inayotembea kwa minyororo badala ya matairi hupita, lakini mimi na gunia linalokaribia kilo 100 tunazama hadi magotini. Nawaomba wakulima wafunge maji mapema, wiki mbili hivi kabla hatujafika, kwa sababu jaruba (kipande cha shamba la mpunga) lililokauka hutuokoa sisi na huokoa punje zao.

Dereva wa lori la kubebea mashine

Kwangu siku ngumu ni ya kuhama. Kutoka Ifakara tunapita Mikumi na Ruaha Mbuyuni, kisha tunaupanda Mlima Kitonga taratibu mno, na msafara wa magari nyuma yetu. Nimejifunza kukagua minyororo ya kufungia kombaini kabla ya mlima, tena kwa mkono wangu mwenyewe.

Mkulima, Igurusi

Wanangu, poleni na kazi. Mimi nalima mpunga wa Supa kwa ajili ya harufu yake, lakini ni mrefu na upepo ukivuma hulala, tofauti na mbegu ya SARO 5 iliyo fupi. Mashine ikija juu ya mpunga uliolala, mwambieni dereva aende polepole. Dereva mwenye haraka aliniachia mashuke mengi chini, tukayaokota na wajukuu siku mbili. Tena msituachie mpunga mbichi umefungwa gunini usiku kucha, kwani hupata joto. Mimi huuanika kwenye turubai hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 14 hivi, ndipo naupeleka mashineni kukoboa.

Na wewe mpimaji, mwanangu, nimekutambua. Mwaka huu jaruba la bondeni limekomaa mapema. Njoo na kamba yako.