Tupeane uzoefu: kivumishi cha Kingereza na kineno kinachokifuata mgongoni

Mwalimu wa Jioni, Kamalondo

Jambo yenu bandugu.

Nafundisha Kingereza saa za jioni hapa Lubumbashi. Wengi wa wanafunzi wangu wanatafuta kazi kwenye migodi au wanafanya biashara upande wa Zambia. Maneno wanayo, nyakati za vitenzi wanazipanga vizuri. Wanapoteleza ni kwenye kineno kidogo nyuma ya kivumishi: "in", "at", "of", "with", "for". Naomba kila mtu alete kisa chake mwenyewe. Kanuni za kitabu tunazo. Naanza na changu, kwa aibu.

Nilikuwa naomba kazi ya ghala kwenye kampuni moja ya mgodi. Kwenye sivi (CV) niliandika "I am married with four children". Rafiki aliyesomea Ndola, kule Zambia, akaisoma, akaniambia Kingereza hakisemi "married with", ni "married to". Hapo hakunidanganya: "She is married to my brother". Sisi tunasema ameolewa na kaka yangu, na hiyo "na" ndiyo inayotusukuma kwenye "with". Basi usiku ule ule nikarudi kwenye kompyuta, nikasahihisha, nikachapa nakala tano safi: "I am married to four children".

Mama wa ofisi ya wafanyakazi alisoma, akavua miwani, akaniuliza kama sheria ya Congo inaruhusu.

Kumbe ile ya kwanza haikuwa na kosa. "Married" inaishia pale pale, kisha "with four children" inasema tu kwamba nina watoto wanne. Kazi sikupata. Sisemi ni kwa ajili ya hiyo peke yake, maana chini kidogo nilikuwa nimeandika pia "responsible of the stock". Ni "responsible for".

Mama Unga, Kasumbalesa

Mwalimu, mume wa watoto wanne! Nimecheka mpaka jirani amekuja kuuliza kuna nini.

Miye Kingereza sikukisomea. Nilikiokota sokoni Chililabombwe, upande wa Zambia, nikifuata unga wa mahindi, kwa sababu bukari, ugali wetu, haingoji mtu amalize masomo. Mwaka wa kwanza nilisimama mbele ya afisa mmoja wa upande ule, karatasi yangu moja haiko sawa, mikono inatetemeka. Nikataka kumwambia nakuogopa, baba, usinikemee. Kichwani nikatafsiri "kwako", nikatoa "for": "Sir, I am afraid for you."

Yule mtu akanyamaza. Akaangalia nyuma yake. Akaniuliza kwa Kibemba, mayo (mama), umeona nini? Alidhani nimeota ndoto mbaya juu yake, au nimesikia kuna watu wanamtafuta. Maana "afraid of you" ni kukuogopa wewe, lakini "afraid for you" ni kuogopa jambo baya lisikupate. Tangu siku hiyo akiniona ananisalimia wa kwanza, anauliza kama leo yuko salama. Karatasi yenyewe hakuitazama tena.

Mengine niliyapata kwa kusikia tu, sijui kanuni yake. Mfuko ni "full of", haujawahi kuwa "full with". Ukipungukiwa kwacha unasema "I am short of kwacha", na mwenye duka anageuza uso kama hakusikia, hata useme vizuri namna gani.

Mzee wa Usukani

Sisi madereva tuna ya kwetu. Mnajua Congo tunaendesha kulia, Zambia kushoto. Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa lazima ubadilishe upande na ubadilishe na akili. Siku moja, kabla ya Chingola, nilijisahau baada ya kusimama kunywa chai, nikarudi barabarani kwa upande wa nyumbani. Polisi wakanisimamisha. Nikajitetea: "I used to drive on the right."

Mmoja wao akaniuliza, "And now?"

Nikadhani ananicheza. Nikarudia kwa sauti zaidi. Baadaye kijana wangu, aliye mwaka wa mwisho wa sekondari, ndiye aliyenifungua macho. "I used to drive" maana yake zamani nilikuwa naendesha kulia, siku hizi nimeacha. Nilitaka kusema nimezoea, na kuzoea ni "I am used to driving". Hiyo "be" mbele na "-ing" nyuma ndizo zinazobeba maana yote. Faini nililipa. Na kwa kweli hata ningesema sawasawa ningelipa tu, yule polisi alikuwa amekwisha andika.

Kaputula

Miye fupi. Kuandikia boss: "I am angry against you." Alinijibu kwamba watu hukasirika "with", na kwamba jambo hukasirikiwa "about". Ndipo akaniuliza nimekasirikia nini. Tulimaliza saa nzima kwenye sarufi, mshahara hatukuugusa.

Binti Katuba

Samahani wakubwa, niko mwanafunzi wa lugha, naomba niseme ninavyoliona tatizo hili, maana visa vyote hapo juu vina mama mmoja.

Kiswahili chetu mara nyingi hakina vivumishi vya namna hiyo. Tunacho kitenzi. Mwingereza yuko "afraid of dogs", sisi tunaogopa mbwa, moja kwa moja, hakuna kineno katikati. Yeye yuko "jealous of", sisi tunamwonea mtu wivu. Na pale tunapohitaji kineno, tunakimeza ndani ya kitenzi chenyewe, kwenye ile kauli ya kutendea. Kasirika, kasirikia. Huzunika, huzunikia. Jivuna, jivunia. Mama akisema najivunia mtoto wangu, ile "of" ya "proud of" iko mle ndani, kwenye "-ia". Tukifika kwenye Kingereza tunatafuta kineno, hatukioni nyumbani, tunakwenda kukikopa kwa jirani.

Na jirani yetu wa shuleni ni Kifaransa. Kifaransa kina "de", na "de" inatumwa kila mahali kama mtoto wa mwisho: fier de, capable de, responsable de, différent de, satisfait de, dépendant de. Kingereza kimeikubali "of" kwenye "proud" na "capable", ndiyo maana tunajiamini. Halafu kinakugeuka: "responsible for", "different from", "satisfied with", "dependent on". Kinachoniudhi kuliko vyote, ukiweka "in" mbele ya "dependent", "of" inarudi: "independent of". Nani alikaa akapanga hivyo?

Ndiyo maana miye sijifunzi kivumishi peke yake tena. Naandika "keen on", "fond of", "aware of", "similar to" kama neno moja, hata kwenye daftari sitengi nafasi. Na jambo la mwisho: kitenzi kikija nyuma ya kineno hicho kinavaa "-ing". "Interested in learning". Hata kwenye kisa cha mzee wa usukani, "driving" imetokea hapo hapo.

Mwalimu wa Jioni, Kamalondo

Binti, nakubali sehemu kubwa. Lakini usiitwike "de" mizigo yote. Watu wangu wanaandika "interested by", na hiyo ni "par" ya Kifaransa. Wanaandika "good in mathematics", na hapo nadhani ni "katika" yetu ikishirikiana na "en" yao. Sahihi ni "good at". Ila ukibadilisha kineno unabadilisha habari yote: "good with children" anajua kukaa na watoto, "good to his mother" anamtendea mama yake mema, "good for you" inakufaa. Kuna mwanafunzi wangu aliwahi kumsifia mchumba wake mbele ya wageni, "She is good at me". Sikumsahihisha pale pale. Alikuwa na furaha sana.

Shabiki wa Kamalondo

Swali. Mchungaji wetu Mmarekani anasema "different than". Mwalimu wa mwanangu, Mzambia, anasema "different from". Kwenye redio ya Uingereza nimesikia "different to" kwa masikio yangu. Nimfundishe mtoto ipi? Miye nilidhani Kingereza kiko kimoja kama timu yetu ya mpira, Mazembe, iko moja.

Binti Katuba

Zote tatu wenyewe wanazisema. "Than" ni zaidi ya Wamarekani, "to" ni zaidi ya Waingereza. "From" inapita kote, kwa hiyo mwache mtoto na ya mwalimu wake.

Shabiki wa Kamalondo

Basi mchungaji sitamwambia kitu.

Mama Unga, Kasumbalesa

Na "kind", binti? Kuna mteja aliniambia "It is kind of you", nikafikiri ananiita aina ya kitu.

Binti Katuba

Hapana mama, alikushukuru. "Kind of you" ni kusema tendo lako lilikuwa la wema. Ukimtendea mwingine mema wewe uko "kind to" yeye.

Mama Unga, Kasumbalesa

Aa! Na miye nilimpandishia bei.

Kaputula

Bandugu, haraka haraka. Nimechelewesha ripoti, naandikia boss sasa hivi. "Sorry" inakwenda na nini?

Mwalimu wa Jioni, Kamalondo

"Sorry about the delay" au "sorry for the delay", zote mbili sawa. Ukiweka kitenzi, "sorry for being late". Usiandike "of", hiyo ni "désolé de".

Kaputula

Nimeshatuma na "of".