Mamangu ana miaka 76, nyumba yetu Majengo, Mombasa, kiwanja cha mtu. Tufanyeje?

MwanaMajengo
Asalaam aleikum ndugu zangu. Mamangu anakaa kwenye nyumba aliyojenga marehemu babangu, ni zile nyumba bila ardhi, mnazijua, nyumba yako kiwanja cha mwengine, kila mwezi twalipa kodi ya ardhi na risiti zote mama ameziweka kwenye mkebe wa biskuti. Sasa mwenye kiwanja alifariki, watoto wake wameuza, akaja kijana na barua ya wakili ati tuhame kwa siku 30. Tangu hapo mama halali. Saa nane usiku namsikia afungua ule mkebe azipanga risiti upya, za zamani zishageuka manjano hata wino hausomeki. Ndugu zangu wataka ahamie fleti Bamburi, ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Mama kasema tu, "huko nikifa nani atajua?" Sikuwa na jibu. Hizo siku 30 ni halali? Na miaka 40 tuliyokaa haitupi haki?

Kisauni_Yetu
Pole sana. Miaka 40 isiwape moyo sana, ile sheria ya kudai ardhi kwa kuikalia miaka 12 ni ya mtu aliyekaa bila ruhusa ya mwenyewe, nyinyi mlikuwa mwalipa kodi kwa hivyo ruhusa ilikuwepo. Watu wengi huku wameangukia hapo. Lakini risiti hizo hizo zaonyesha hamkuvamia, piga picha zote leo kabla wino haujaisha. Na sheria ya ardhi ya Kenya ilivyorekebishwa 2016, hata aliyekaa bila idhini kwenye ardhi ya mtu binafsi hupewa notisi ya maandishi isiyopungua miezi 3, na aweza kwenda kortini kuipinga. Tena imetaja wazee waziwazi, kwamba wakati wa kuhamishwa lazima walindwe. Tafuteni wakili mapema, na mama asitie sahihi karatasi yoyote, hata wakija na maneno matamu na pesa mkononi.

binti wa Kuze
Mimi naongea hiyo fleti. Nyanya tulimtoa Kuze tukampeleka ghorofa ya nne Tudor, nyumba nzuri, maji yako, tulifikiri tumemfanyia wema. Kule Kuze alikuwa akikaa barazani alfajiri, muuza mahamri amsalimia, jirani amletea kahawa, asipoonekana mtu agonga mlango. Tudor magoti hayakumruhusu kushuka, akawa ashinda dirishani aangalia magari, miezi michache akaacha hata kuuliza habari za watu. Sisemi ndiyo iliyomuua lakini nilimuona akiisha. Kama lazima ahame, tafuteni chumba cha chini, mtaa huo huo, hata kama ni kidogo.

Mzee Likoni
Kweli binti. Je ameandikishwa Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa pesa za wazee? Ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70, kodi ya chumba haimalizi lakini dawa itasaidia. Ulizeni kwa chifu.

MwanaMajengo
Hajaandikishwa, kesho naenda. Shukran nyote. Nimemsomea mama hayo ya miezi 3, kaniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha kaniambia nimpigie picha risiti ya kwanza, ile yenye jina la baba.