Ushauri wakuu: niache takwimu nisome Kipolandi hapa Chicago?

BintiMeru
Habari zenu wanajamvi. Niko Chicago, mwaka wa pili chuo kikuu, visa ya mwanafunzi. Nilikuja kusoma takwimu. Muhula uliopita nilitakiwa kuchukua lugha, nikachukua Kipolandi kwa vile saa zake hazikugongana na zamu yangu ya maktaba. Tangu hapo takwimu haipandi. Usiku wa manane najikuta nasoma Poland ilivyogawanywa na Urusi, Prussia na Austria, 1772, 1793, halafu 1795 ikafutwa kabisa kwenye ramani hadi 1918, na watu wake miaka yote hiyo wakaendelea kuandika na kusali kwa lugha yao bila kuwa na nchi. Chuo kina digrii kamili ya lugha, historia na utamaduni wa Kipolandi. Nihamie? Silali vizuri, naombeni msinitukane.

Kipanga77
Mdogo wangu, umevuka bahari kwenda Marekani kusoma Kipolandi? Si ungeenda Poland kwenyewe? Binamu yangu alisomea udaktari Lublin. Mwaka wa kwanza baridi ilimliza, wa pili akajifunza kupika supu yao nyekundu ya biti, leo akija likizo anatupikia hiyo badala ya makange. Mimi biti siziwezi. Ila yule jamaa anaheshimika.

MamaWawili
Mwanangu, omba kwanza. Vijana mnapenda vitu vinavyong'aa. Takwimu ni kazi, Kipolandi ni starehe.

Dalasini
Si kweli kwamba ni starehe. Nimeishi Chicago muda mrefu. Barabara ya Milwaukee kuna maduka, zahanati na ofisi za mawakili ambazo bila mtu wa Kipolandi haziendi. Mji una Polish Museum of America tangu 1935. Wazee Wapolandi hapa wanahitaji wauguzi na wakalimani. Lakini dada, hujasema jambo moja: ada analipa nani?

BintiMeru
Familia.

Dalasini
Familia nani?

BintiMeru
Kaka yangu mkubwa. Aliuza sehemu ya shamba la kahawa, nyingine alikopa SACCOS. Anajua nasoma takwimu. Na kusema kweli fomu ya kubadili kozi nilishaipeleka wiki iliyopita, mshauri wa masomo ameshasaini. Lakini naomba mnielewe, sikukurupuka. Takwimu ningemaliza na alama za kupita tu, huku nina A. Mtu mwenye A hakosi njia.

Kipanga77
Kumbe hukuja kuomba ushauri, umekuja kuomba baraka.

Forodhani
Mambo ya baraka baadaye, tuzungumze visa. Wewe ni F-1, yaani visa ya mwanafunzi. Ukimaliza digrii yoyote unaruhusiwa kuomba mwaka mmoja wa kufanya kazi inayohusiana na masomo yako. Takwimu imo kwenye orodha ya serikali ya masomo ya sayansi, inakuongezea miezi 24 juu ya huo mwaka. Kipolandi haimo. Na ule ufadhili wa serikali ya Marekani kwa wanaosoma lugha za kigeni ni wa raia na wenye makazi ya kudumu, wewe haukuhusu. Muhula huu una krediti ngapi? Ukishuka chini ya 12 bila kibali cha ofisi ya wanafunzi wa kigeni, umejitoa mwenyewe kwenye visa.

BintiMeru
Ninazo 12 kamili. Niliacha somo moja la hesabu nikaingiza historia ya Poland. Suala la miezi 24 nalijua, ila sioni kwa nini maisha yangu yote yapangwe na orodha ya serikali. Na sababu yangu si mapenzi ya ghafla. Nimekulia Tengeru. Pale kuna makaburi ya Wapolandi, karibu 150. Babu alifanya kazi kwenye kambi yao wakati wa Vita Kuu ya Pili, akabaki na nyimbo zao mbili tatu. Alikufa bila mtu wa kumwambia zilikuwa na maana gani. Mimi sasa naweza.

Mchunguzi_wa_Mada
Nilikuwa nasoma kwa huruma mpaka hapo. Chai hii! Wazungu wakimbizi Arusha? Na babu anaimba Kipolandi? Mleta mada anatunga riwaya, mnamjaza.

Kipanga77
Kweli, hata mimi hapo nimeshtuka.

Nyabyeya_Boy
Mchunguzi, punguza kasi. Mimi ni wa Masindi, Uganda. Kwetu Nyabyeya kanisa walilojenga hao Wapolandi lipo mpaka leo, watu wanasali humo. Mwaka 1940 Wasovieti waliwasafirisha raia wa mashariki ya Poland kwa mabehewa hadi Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1941 Stalin akakubali kuwaachia, 1942 wakatoka kupitia Iran na jeshi la Kipolandi la Jenerali Anders. Wanawake na watoto wao wakaletwa na Waingereza kwenye makoloni yao: Masindi na Koja huku Uganda, Tengeru huko kwenu. Tengeru peke yake walikuwa karibu elfu tano, na shule zao na mashamba yao. Vita ilipokwisha wengi hawakutaka kurudi chini ya wakomunisti, wakatawanyika Uingereza, Kanada, Australia, na Marekani pia.

Mchunguzi_wa_Mada
Sawa, historia nimekubali. Hilo halithibitishi kwamba yeye yuko darasani. Thibitisha.

BintiMeru
Sina la kukuthibitishia, ila wiki hii tunateswa na namba. Mbwa wawili ni dwa psy, mbwa watano ni pięć psów, nomino inageuka ukifika tano. Wenzangu wanalia. Mimi niliyekua na ngeli na upatanisho naona ni adabu tu ya lugha. Na historia wiki hii ni Kościuszko, jenerali Mpolandi. Alipigana vita vya uhuru wa Marekani, halafu 1798 akaandika wosia kwamba mali yake ya huku itumike kuwakomboa watumwa na kuwasomesha, Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, akiwa msimamizi. Alipokufa 1817 Jefferson alikataa kazi hiyo, wosia haukutekelezwa. Darasa zima mimi ndiye Mwafrika pekee. Nilisoma hiyo habari mara mbili.

Dalasini
Mimi nakuamini. Usiiache takwimu, beba zote mbili. Vyuo vingi vinaruhusu fani mbili kwenye digrii moja, na takwimu ikibaki humo unaweza bado kuomba ile miezi 24. Fomu iliyosainiwa inabadilishwa. Waone ofisi ya wanafunzi wa kigeni wiki hii, hati yako ya I-20, ile ya chuo inayobeba visa yako, lazima isomeke sawa na unachosoma.

BintiMeru
Zote mbili ni muhula wa ziada, dada. Ada ya muhula wa ziada nimwombe nani?

MamaWawili
Huyo huyo unayemficha.

Mchunguzi_wa_Mada
Mimi ni wa Usa River. Kaka aliyeuza shamba la kahawa Tengeru ili mdogo wake aende Chicago, hao si wengi. Nadhani nyumba naifahamu.

BintiMeru
Mchunguzi, nakusihi, usimwambie kaka. Kwenu saa hizi ni saa nane usiku. Akiamka nampigia mwenyewe.